Ndege wa Isecheno Kwenye Chuma

Tangu nirudi, haipiti siku bila mmoja wenu kusimama mlangoni pa karakana yangu na kuuliza, "Fundi Zakaria, ilikuwaje huko?" Nami hujibu neno mojamoja, randa ikiwa mkononi, mkaondoka hamjaridhika. Leo mvua haijakoma tangu asubuhi na mbao hazikauki, basi nimekaa niiandike yote kwa mkupuo mmoja. Habari za vibali, mihuri na foleni za ofisini nitaziruka. Mnazijua, na hazijawahi kumfurahisha mtu.

Isecheno hadi Kakamega mjini

Safari yenyewe ilianzia kwa baba mkwe wangu, Mzee Liyai. Wengi wenu mnamfahamu. Alikuwa mlinzi wa msitu pale Isecheno miaka mingi kabla bendera yetu haijapandishwa, na mpaka leo anaweza kukwambia mti upi uliangushwa na upepo na upi uliangushwa na wezi.

Bunduki ilikuwa ya mzungu mmoja mkulima wa Lumakanda, aliyekuwa akija msituni kila baada ya mavuno kuwinda kanga, na mzee akimwongoza. Mashamba ya kule yalipoanza kugawiwa wananchi, yule mzungu aliuza lake, akafunga mizigo, akaja kumuaga mzee akiwa na bunduki begani. Aliporudi kwenye gari lake bega lilikuwa tupu.

Ni bunduki ya zamani kuliko sisi wote, yenye mitutu miwili iliyolala sambamba na nyundo mbili zilizosimama kama masikio ya mbuzi. Kitako chake kilikuwa kimepasuka shingoni na kufungwa kwa waya. Mzee alinipa kazi ya kukitengeneza kipya, nami nikakichonga kwa mzeituni wa porini, polepole, miezi mitatu. Nilipompelekea, alikipapasa kwanza, kisha akaipeleka bunduki mlangoni penye mwanga na kuileta karibu kabisa na jicho lake la kushoto. La kulia lilikuwa limeshazima mwaka uliotangulia. Na hilo la kushoto, daktari wa Kisumu alikuwa amesema limebakiwa na wiki chache tu.

"Zakaria, angalia hapa. Unaona nini?"

Pembeni mwa bunduki, pale nyundo zinapokaa, kuna mabapa mawili ya chuma, moja kila upande. Yaliwahi kuchorwa nakshi. Nilimwona ndege mwenye mkia mrefu akichomoka majanini, lakini vidole vya watu vilikuwa vimemsugua mpaka akawa kama alama ya maji iliyokauka.

"Ni ndege, Baba. Ndege wa Ulaya."

"Nimebeba bunduki za wazungu maisha yangu yote, na nyingi zina huyu huyu. Sijamwona hata siku moja akiruka." Akaishusha bunduki. "Bendera sasa ni yetu. Msitu ni wetu. Mbona ndege bado ni wa kwao? Nataka yule wetu, yule mkubwa wa buluu. Na nimwone kabla jicho halijazima."

Mnamjua ndege huyo. Ana kishungi cheusi kama brashi, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, na anakimbia juu ya matawi kuliko anavyoruka. Sikumuuliza mzee kwa nini alimtaka huyo. Mke wangu Felista alikuwa binti yake, na alipokuwa msichana akimpelekea baba yake chakula msituni, alikuwa akiigiza sauti ya ndege huyo ili baba ajue ni yeye anayekuja, si mwizi wa mbao. Aliniambia mwenyewe. Nami pia aliniita hivyo, siku zile nilipokuwa nikijipitishapitisha karibu na kwao bila sababu.

Felista alifariki miaka mitatu iliyopita akijifungua, na mtoto akamfuata kabla jua halijazama. Tangu mazishi, mimi na baba yake hatukuwa tumelitaja jina lake hata mara moja. Sisi tunajua jinsi mkwe anavyomheshimu baba mkwe. Kila tulipokutana tulizungumza habari za mvua, mahindi na mbao, na jina lile likakaa katikati yetu kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza.

Nikasema, "Nitaipeleka Nairobi, Baba. Kuna mistri huko, fundi wa Kihindi, anayechora chuma."

Nilipokuwa nikiondoka, mkono wa mama mkwe ulitoka nyuma ya mlango wa jikoni ukiwa na kifurushi cha majani ya mgomba. Uso wake sikuuona, kama desturi. Ndani mlikuwa na ingokho, yaani kuku, aliyekaushwa vizuri kwa moshi, na viazi vitamu vinne. Nilitembea hadi mjini nikila kiazi kimoja kimoja, bunduki ikiwa begani ndani ya gunia.

Kakamega hadi Kisumu

Mimi ni fundi wa mbao, na sikuweza kukubali kazi yangu isafiri katika gunia. Nilitengeneza sanduku la mvule, refu na jembamba, nikaifungua bunduki vipande viwili na kuilaza ndani juu ya manyoya ya kondoo. Kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha, nikalifunika sanduku kwa shuka jeupe, maana ndilo lililokuwapo, nikalifunga kwa kamba.

Asubuhi, pale kituo cha basi, utingo aliyekuwa akirusha mizigo juu ya paa alilitazama sanduku langu, akavua kofia.

"Hiyo hapana kwenda juu, mzee. Kaa nayo mbele karibu na dereva."

Nilishangaa. Utingo huyo huyo alikuwa ametoka kumtukana mwalimu mmoja kwa sababu ya baiskeli. Watu wakanipisha. Mfanyabiashara mmoja wa Mumias, mwenye kanzu na koti, aliinuka na kunipa kiti chake, akasema, "Inna lillahi," nami nikamwitikia "Ahsante" bila kuelewa.

Kabla ya kufika Chavakali basi lilizama katika matope. Wanaume wote walishuka kusukuma, nami nikaliweka sanduku kitini na kushuka pia. Yule mfanyabiashara akanishika mkono.

"La, ndugu yangu. Wewe kaa na mtoto."

"Mtoto?"

Alielekeza kidevu chake kwenye shuka jeupe. Ndipo nikaliona sanduku langu kwa macho ya wengine: urefu wake, upana wake, weupe wake. Nilitaka kusema ni bunduki, nikakumbuka sanduku jingine. Mnajua kwamba nilikuwa nimeshatengeneza sanduku la namna ile, kwa mbao ile ile, katika karakana hii ninamoandikia. Nililitengeneza kwa saa mbili, na sikumruhusu mtu yeyote anisaidie.

Nikarudi kitini. Nilikaa na mtoto, kama nilivyoambiwa, huku wanaume wazima wakisukuma basi hadi magotini katika matope kwa ajili yetu.

Tulifika Kisumu garimoshi likiwa limeshaondoka. Nilingoja hadi la siku iliyofuata. Nilikula samaki wa kukaanga karibu na soko, mzima, mwenye macho na mifupa yote, na mama aliyeniuzia akakataa katakata kunipa uma. "Una vidole," akasema, "au umeviacha Kakamega?"

Kisumu hadi Nairobi, kwa garimoshi

Katika behewa nilikaa mkabala na mama mmoja Mjaluo aliyekuwa na kikapu cha samaki wakavu. Jina lake Mama Akeyo. Alikuwa akienda Nakuru kwa mwanawe aliyeajiriwa huko na shirika la reli. Aliliona sanduku. Kuanzia Kibos hadi Muhoroni hakusema neno. Tulipoanza kupanda milima na baridi kuingia, alivua moja ya khanga zake, akalifunika sanduku.

Kabla ya kufika Londiani, garimoshi lilisimama. Tope lilikuwa limeshuka mlimani na kufunika reli. Tulikaa pale tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, katika ukungu, tukiwasikia wafanyakazi wakichimba huko mbele. Watu waligawana walichokuwa nacho. Mimi nilitoa kuku wa mama mkwe, na Mama Akeyo akatoa samaki na bonge la ugali baridi.

Tulipokuwa tukila akaniuliza polepole, "Alikuwa wa miaka mingapi?"

Ningeweza kumwambia ukweli kuhusu sanduku. Lakini alikuwa ameniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Ninyi wote mlikuja mazishini, mlichimba, mliimba, mlinikalia matanga, nami nawashukuru. Ila kwa kuwa mlikuwa mmeona, hakuna aliyehitaji kuniuliza.

"Hakumaliza hata siku moja," nikasema.

"Mvulana?"

"Msichana. Alikuwa na nywele nyingi. Na mama yake akaenda pamoja naye."

Mama Akeyo aliuweka ugali chini. Alilia bila kelele, akijifuta kwa kiganja, nami nikatazama nje kwenye ukungu. Nilimsimulia mengi saa zile. Nilimwambia jinsi Felista alivyokuwa akipima urefu wa mbao kwa hatua zake na kupatia kuliko futi yangu. Nilimwambia jinsi alivyokataa katakata kula ndizi mbivu. Vitu visivyo na maana kwa mtu mwingine.

Garimoshi lilipoanza kusogea, mkaguzi akaingia na askari. Waliliona sanduku. Askari akasema lazima lifunguliwe, kwa sababu maiti haiwezi kusafirishwa katika behewa la abiria. Nilifungua kamba, nikatoa karatasi zangu, nikainua kifuniko. Behewa zima lilisimama kuchungulia. Mitutu miwili ililala pale juu ya manyoya, na kitako kando.

Mkaguzi alianza kucheka, kisha akaacha alipoona kwamba hakuna anayecheka naye.

Mama Akeyo alinigeukia. "Kwa hiyo nimelia bure?"

"Hapana, mama. Niliyokusimulia yote ni kweli. Sanduku tu ndilo ambalo si lake."

Alifikiri. Kisha akaichukua khanga yake, akaikung'uta, akajifunga kiunoni. "Ungeniambia," akasema. "Ningelia hivyo hivyo, lakini khanga yangu ningejifunika mwenyewe. Nimeganda!"

Aliposhuka Nakuru aliniachia samaki watatu na kuniagiza nioe. Nilimwambia nitafikiri. Akaniambia nafikiri mno.

Nairobi, siku kumi na tatu

Nilifikia Kaloleni kwa binamu yangu, na kesho yake nikaenda kumtafuta mistri. Anaitwa Mistri Jivan. Karakana yake iko nyuma ya duka la vitambaa, chumba kirefu chenye dirisha moja, na siku hiyo kilijaa bunduki ukutani, mezani na hata sakafuni. Wazungu waliokuwa wakiondoka waliziacha zirekebishwe wapate kuziuza. Mistri ni mzee mfupi mwenye miwani mizito, na mikono yake ni myeusi kwa mafuta hadi kwenye viwiko.

Hakuniangalia. "Kazi mingi. Rudi miezi mbili."

"Mistri, kuna mtu anayepoteza macho."

"Mimi pia napoteza macho. Miezi mbili."

Sikubishana. Nililifungua sanduku, nikaiunga bunduki na kuilaza mbele yake. Alipitisha ukucha wa kidole gumba mahali mbao inapokutana na chuma, akizunguka kona zote, akitafuta mwanya. Ukucha haukuingia popote.

"Nani fanya hii?"

"Mimi."

Akanivutia kigoda kwa mguu. "Kaa."

Tulipatana hivi: mimi nimalizie vitako vya zile bunduki zilizorundikana, naye achore bunduki ya mzee. Siku hiyo hiyo nilianza. Kazi ya kumalizia kitako ni ya subira. Unasugua kwa msasa, unalowesha maji ili nyuzi za mbao zisimame, unazisugua tena zilale, mara nne au tano. Kisha mafuta ya kitani, tone moja katika kiganja, na unasugua mpaka kiganja kiwake moto. Unangoja siku nzima ndipo utie tone jingine. Kwenye shingo, pale mkono unaposhika, unakata mistari inayopishana, miraba midogo kama chembe za mtama, ili mkono wenye jasho usiteleze.

Mistri naye aliyatoa yale mabapa mawili, akayatia motoni yalainike, akanipa tupa. "Ondoa ndege ya zamani."

Nilimwondoa yule ndege wa Ulaya kwa mikono yangu. Mkia ndio uliobaki mwisho. Nilidhani nitafurahi, lakini nilimwonea huruma. Naye alikuwa mbali na kwao.

Sasa ikaja shida. Mistri hakuwahi kumwona ndege wetu. Alinipa kalamu nimchore. Mimi nachora meza na vitanda, na ndege niliyechora alikuwa na miguu ya kiti. Basi nikamweleza kwa maneno, naye akachora. Nilipotazama nilikuta ana mkia mpana wenye macho, na taji kichwani.

"Mistri, huyu ni tausi."

"Wewe nasema buluu. Nasema kubwa. Nasema iko na taji."

"Lakini mkia si huu."

Akafuta, akachora tena. Tausi mwembamba. Mara ya tatu, tausi aliyeketi. Nilisimama katikati ya karakana, nikaonyesha jinsi ndege wetu anavyokimbia juu ya tawi, shingo mbele, na nikatoa sauti yake kwa nguvu: kuru-kuru-kuru! Wanawake wawili waliokuwa dukani wakichagua vitambaa walikimbilia nje. Mistri alicheka mpaka akavua miwani, tukacheka wote wawili. Kisha akatazama karatasi yake, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Kwa baba yangu, tausi nakuja asubuhi juu ya ukuta. Miaka arobaini mimi hapana ona. Mkono nafanya yenyewe."

Wanawe walikuwa wakitaka wahamie Uingereza. Mke wake alitaka warudi India. Yeye mwenyewe hakujua anataka nini; alichojua ni kwamba popote atakapokwenda atapakumbuka hapa. Aliniuliza kama mimi huota ndoto za kwetu nikiwa Nairobi. Nikamwambia nikiwa kwetu naota pia, ila ndoto zangu ni za mtu, si mahali. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo sahihi.

Siku ya nne alifunga karakana adhuhuri, akanipeleka kwenye nyumba ya makumbusho. Ndege wetu alikuwa humo, ndani ya kioo, amejazwa pamba. Buluu yake ilikuwa imechujuka kama shati lililofuliwa sana. Kibao kilisema ametoka msitu wa Kakamega. Mistri alichora kurasa sita, kishungi, mdomo, kucha. Mimi nilisimama nikimtazama yule ndege, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilitamani kupanda garimoshi siku ile ile, niache yote.

Baada ya hapo alimchora kwenye chuma kwa siku saba. Anatumia kipande cha chuma kigumu chenye ncha, na kinyundo chepesi, tik-tik-tik, na uzi mwembamba wa chuma unajikunja mbele ya ncha kama randa inavyotoa ganda la mbao. Upande wa kulia ndege amesimama juu ya tawi. Upande wa kushoto anaruka, mabawa wazi. Kishungi alikiacha kimeinuka kidogo kuliko chuma chenyewe, kwa sababu nilimwambia mzee huenda akahitaji vidole.

Kazi ikabaki moja, ya moto. Mabapa hupangwa katika sanduku la chuma lililojaa makaa ya mifupa na ya ngozi, huchomwa saa nyingi, kisha hutumbukizwa majini. Hapo chuma hupata ugumu wake, na hupata rangi, lakini rangi gani, na wapi, hakuna fundi anayeweza kuahidi. Na chuma cha zamani kinaweza kupinda au kupasuka, kazi yote ikapotea.

"Kabla ya moto," nikamwambia, "niandikie neno moja." Nikamwonyesha ule utepe wa chuma unaozunguka vifyatuo, upande wa chini, mahali ambapo hakuna anayetazama. Mzee hakuniagiza hilo. Bunduki haikuwa yangu. Nilijua ninaiba nafasi katika mali ya mtu mwingine, na mtu huyo ni baba mkwe wangu. Niliandika kwenye karatasi: FELISTA.

Mistri hakuuliza ni nani. Alichora herufi saba kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kunywa chai.

Siku ya moto tulikaa kando ya tanuri saa zote. Alipolifungua sanduku juu ya pipa la maji, vyuma vilianguka vikapiga kelele kama mafuta yanayotiwa nyama. Alivitoa kwa koleo, akavifuta kwa kitambaa. Havikuwa vimepinda. Rangi ya kahawia na ya majani makavu ilikuwa imetanda pembeni. Na katikati, juu ya ndege, kuanzia shingoni hadi mkiani, buluu. Buluu yenyewe, ile ya asubuhi baada ya mvua.

Mistri akayapeleka mabapa dirishani. "Mimi hapana fanya hii," akasema. "Moto nafanya."

Nairobi hadi Kakamega

Kurudi hakukuwa na mambo. Reli ilikuwa safi, milima ilikuwa wazi, na shuka jeupe nililiacha Kaloleni kwa binamu, kwa hiyo hakuna aliyenipisha kiti. Nakuru nilichungulia dirishani kumtafuta Mama Akeyo, ingawa nilijua hawezi kuwapo. Nilinunua mayai ya kuchemsha yaliyokuwa mabichi ndani. Njiani nilifungua kifuniko mara nyingi kutazama ile buluu, mpaka abiria mmoja akaniuliza kama nina ugonjwa. Nilihesabu siku. Wiki za daktari zilikuwa zimebaki, nilidhani.

Isecheno

Sikupita hata karakanani. Nilitoka kwenye basi nikaenda moja kwa moja msituni kwa miguu, sanduku begani.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Alinisikia nikipiga hodi, akajibu nyuma ya mlango, akisema na kuku badala ya kusema nami, kama wakwe wafanyavyo. "Kuku hawa wamwambie mgeni wetu aingie. Na wamwambie jicho limezima. Leo siku ya nne."

Nilisimama uani. Siku ya nne. Nilizihesabu tena: siku ya tope, siku niliyokosa garimoshi, siku za tausi.

Mzee Liyai alikuwa amekaa nje, ameelekea msituni kana kwamba anautazama. "Zakaria," akasema kabla sijasalimu, "nimekusikia. Lete."

Niliiunga bunduki nikamwekea magotini. Alianza na kitako, akaja kwenye miraba niliyomkatia shingoni huko Nairobi, akasema, "Hapa umefanya vizuri." Kisha kidole kikapanda juu ya chuma. Kikakuta mdomo. Kikakuta kishungi, kikarudi, kikakipita tena. Nilimwona akisogeza midomo bila kusema. Akageuza upande wa pili, akafuata bawa lote hadi ncha.

"Huyu anaruka."

"Ndiyo, Baba."

"Rangi je?"

Nikamwambia. Nilijitahidi. Nilimwambia shingo ni kama mlima unavyoonekana kutoka mbali, na mkia ni kama maua ya viazi yakiwa mabichi. Nikasikia kwamba maneno hayatoshi. Nilikuwa nimeileta rangi ile kutoka Nairobi kwa ajili ya jicho moja, na nilichelewa siku nne.

Vidole vyake havikusimama. Vilishuka chini, vikazunguka vifyatuo, vikagusa ule utepe wa chuma.

"Na haya ni nini? Makwaruzo?"

Ningeweza kusema ni alama ya mistri. Mzee hajui kusoma, na sasa hata kuziona herufi zile hawezi.

"Ni jina, Baba. Niliandikisha bila ruhusa yako. Nisamehe. Ni Felista."

Jikoni, sufuria iliacha kugongwa.

Mzee alikaa na kidole chake juu ya herufi zile. Alizipitia kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Zote hizi ni yeye?"

"Zote."

"Sisi tulimwita Mmbone. Felista ni la kanisa, na lako. Lakini mbona umemweka chini, Zakaria? Ulikuwa unamficha nani?"

Nikainama kuzitazama zile herufi.

"Miaka mitatu," akasema, "kila unapokuja nasema, leo huyu kijana atamtaja. Unaniambia habari za mbao. Nikasema labda amesahau."

"Nilidhani wewe ndiye hutaki, Baba."

"Mimi!" Akapapasa hewani akaupata mkono wangu, akanivuta nikae karibu naye. Mkwe hakai hivyo na baba mkwe, lakini nilikaa. "Unajua alisemaje siku alipokuja kuniambia habari zako? Nilimwuliza, huyo fundi ana ng'ombe wangapi? Akasema, sijui, Baba, lakini nimeegemea meza zake zote na hakuna hata moja inayoyumba."

Nyuma ya mlango nikamsikia mama mkwe akicheka, kisha hakuwa akicheka tena.

Hilo sikuwahi kulijua. Miaka saba ya ndoa, na hakuwahi kuniambia kwamba alizunguka karakana yangu akijaribu meza.

Nilikaa Isecheno siku tatu. Wale ambao vitanda vyenu vilichelewa, sababu ndiyo hiyo. Sasa napanda huko kila Jumapili. Mzee hunisimulia Mmbone, nami humsimulia Felista, bunduki ikiwa magotini pake na kidole kikitembea. Yeye ameshafika mahali ambapo binti yake ana miaka tisa na ameanguka mtini. Mimi nimemaliza mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, na nimeanza wa pili. Siendi haraka.